Mkono Juu ya Spika

Vuai hakujua kuimba, na akicheza ngoma watu walicheka, lakini Waswahili wa Birmingham hawakuthubutu kufanya harusi bila yeye. Katikati ya wiki alikuwa mtu wa nyundo, kwenye kiwanda kimoja cha Aston kilichofua vyuma vya magari. Jumamosi alikuwa mtu wa santuri. Alikuwa na gramafoni mbili alizozipachika kwenye sanduku moja, amplifaya iliyopata moto kama pasi, na spika mbili za mbao alizoziunda mwenyewe uani kwake Balsall Heath, kubwa hata jirani yake Rajinder akamuuliza kama anatengeneza makabati ya nguo.

Ufundi wake ulikuwa kwenye kuvusha. Sahani moja ya santuri ikikaribia kwisha, ya pili ilikwishaingia chini kwa chini, na watu wasijue walivushwa saa ngapi. Bibi aliyeapa kwamba leo magoti hayamruhusu alijikuta katikati ya ukumbi, khanga kiunoni, anadai nafasi. Vuai akiona hivyo alicheka peke yake kule pembeni, akasahau nyundo na baridi na kuta za nyumba yake zilizolowa unyevu.

Nyundo haikumsahau yeye. Miaka yote ile ilikuwa ikimla masikio kidogo kidogo, wala hakuna aliyemwonya. Pamba za kuziba masikio zilionekana kiwandani siku ya mkaguzi, na mkaguzi alipokwenda zake nazo zikaenda zake. Mwanzo zilipotea fidla. Vuai akazilaumu sahani kuwa zimechakaa, akanunua mpya, na fidla hazikurudi. Kisha wakapotea waimbaji, wanawake kwanza. Kilipofika kiangazi kile cha ukame uliokausha Uingereza nzima alikuwa amebakiwa na ngoma tu, na ngoma zenyewe alizisikia kwa kiganja, mkono juu ya spika. Maneno ya watu aliyasoma midomoni.

Aliyejua hilo alikuwa mtu mmoja, binti yake Mwanasiti, ambaye Vuai alimlea peke yake tangu mama mtu alipofariki. Mwanasiti ndiye aliyekaa ubavuni mwake kila harusi, hedfoni kichwani, akisikiliza kwa niaba yake. Chini ya meza mguu wake ulikaa juu ya mguu wa baba. Akigusa kidogo, maana yake ingiza. Akikandamiza, maana yake subiri. Watu walimsifu kwamba ni mtoto mwenye mapenzi na babake, na hawakukosea, ila hawakujua walichokuwa wakikisifu.

Kwa nini asiseme tu? Hilo anaweza kuuliza mtu aliyekaa zake kitini na masikio yake mawili. Vuai aliamini kwamba siku watakayojua watamwonea huruma, watampa pilau na kiti cha mbele, na sanduku lake watampa mwingine.

Huyo mwingine alikwishajitokeza: Otieno, kondakta wa basi kutoka Perry Barr, Mkenya mwenye bashasha aliyekuwa akija kila Jumapili kujifunza.

"Kwanza meza," Vuai alimwambia. "Usiweke spika na gramafoni meza moja, zitapiga yowe mpaka watu wakimbie. Sakafu ikiwa ya mbao, tafuta bamba la saruji uliweke chini ya sanduku, maana watu wakiruka na sindano inaruka. Na juu ya mkono wa sindano bandika sarafu ya nusu peni iupe uzito. Si zaidi, utaikwaruza sahani."

"Na hiyo ingine, mzee? Nitajuaje beat zime-match?"

"Tazama miguu. Usitazame sahani, sahani haichezi. Miguu ikianza kuchoka, ujue umeshachelewa. Na usifungue na nyimbo kali. Ukizimaliza watu wangali wanakula, utawapa nini baadaye?"

Otieno aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akidhani amepewa siri ya ufundi. Kumbe mzee alikuwa akimfundisha njia pekee iliyombakia.

Basi Mwanasiti akapata mchumba, Mbarouk, kijana mpole wa Aston, na harusi ikapangwa. Vuai alifurahi siku nzima kabla hajagundua kwamba bibi harusi hawezi kukaa kwenye meza ya santuri. Na shughuli ya wanawake, tofauti na karamu za mchanganyiko, ina kanuni yake: mwanamume haingii. Mpiga santuri huketi nyuma ya pazia, hawaoni wala hawamwoni. Huko nyuma pazia halikuwa taabu, kwa kuwa Mwanasiti alikaa naye upande ule ule. Safari hii atakuwa hana masikio, wala hana miguu ya kutazama.

"Daddy, tuweke kaseti tu," Mwanasiti alimwomba, akimkabili ili amsome midomo. "Please. Nobody will mind."

"Harusi ya mwanangu mimi, kwa kaseti?"

"Then Otieno akae na wewe."

Wakalipeleka ombi hilo kwa Bi Kijakazi, mama yake Mbarouk, ambaye ndiye aliyeshika usukani wa shughuli. Bi Kijakazi akaweka kikombe cha chai chini.

"Nyuma ya pazia atakaa baba mtu, kwa sababu ni baba mtu. Huyo kondakta wenu ana kazi gani na wanawake waliovua mitandio? Labda mniambie kuna sababu."

Sababu ilikuwepo. Mwanasiti alifungua mdomo aitoe. Chini ya meza babake akaukandamiza mguu wake, akaukandamiza kwa nguvu, na msichana akafumba mdomo.

Siku yenyewe Vuai alifika ukumbini mapema. Akalaza bamba lake la saruji, akapima ulalo wa sanduku kwa kisosi cha maji, akabandika nusu peni. Spika moja akaielekeza kwa wanawake, nyingine akaivuta ubavuni mwake. Kisha akavua viatu. Sakafu ya mbao ilimletea miguu ya wachezaji kwenye nyayo zake, na kwa nyimbo za mwanzo aliweza, tena aliweza vizuri, hata akaanza kujiona kijana.

Ulipofika wakati wa kumtoa bibi harusi, Bi Kijakazi alitikisa pazia, ndiyo ishara waliyopatana. Vuai akaweka wimbo aliouhifadhi kwa siku hiyo tangu Mwanasiti angali anang'oka meno ya utoto. Sakafu ikatulia. Sawa, akajiambia, wamesimama wanamtazama. Kiganja kikampa ngoma, nayo haikosei. Akafumba macho akaufuata wimbo kimoyomoyo, ubeti kwa ubeti, na machozi yakamlenga.

Yaliyokuwa yakitokea upande wa pili alikuja kuyajua baadaye. Bibi harusi alipoketi, mtu alipiga kigelegele akaruka, ubao ukatikisika, sindano ikateleza nyuma mfuo mmoja, na kila ilipozunguka ikateleza tena. Mpokeeni, mpoke—, mpokeeni, mpoke—. Wanawake wakacheka. Kisha wakangoja. Mmoja akaita kwa upole, "Bwana Vuai, imenata!" Akaita tena kwa nguvu, wakaita wengi. Na juu ya jukwaa Mwanasiti alikaa alivyofunzwa kukaa, macho chini, mikono yenye hina mapajani, asitikisike wala asiseme. Kila mpokeeni ilimchoma.

Bibi harusi hanyanyuki. Yeye alinyanyuka, akashuka na gauni lake lote, akafunua pazia na hakulirudisha.

Vuai aliona mwangaza, akafumbua macho. Mwanawe amesimama mbele yake, wanja unamchuruzika. Hofu ikamshika, wala si kwa ajili ya sahani, ni kwa heshima ya mtoto. Akainuka, akautoa mkono kwenye spika akamshika mabega, gramafoni ikabaki mgongoni kwake. Mwanasiti akapitisha mkono ubavuni mwake kuelekea nyuma, naye akadhani anakumbatiwa. Mkono ule ulikuwa unainua sindano.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Kwa Vuai wimbo ulikuwa bado unaendelea, na chini ya wimbo mtu anaweza kusema lake. Akainama sikioni mwa binti yake akamnong'oneza, kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe akisema, iliyofika mpaka jikoni kwa wapakuaji biriani.

"Rudi ukakae, mwanangu. Wimbo unakwenda vizuri. Hawajajua kama mimi ni kiziwi."

Mwanasiti aliuweka mguu wake wenye hina juu ya mguu mtupu wa babake, akaukandamiza. Subiri. Lakini baba alikwishasema.

Vuai akatazama juu ya bega la binti yake. Wanawake walikuwa wamesimama, wote wamemgeukia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kujifunika. Bi Kijakazi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheza, na yeye hakuelewa kwa nini.

Akaurudisha mkono juu ya spika. Mbao ilikuwa bado na joto, na ndani yake hamna kitu.