Lebo ya Mpondwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha tovuti ya picha aliniketisha mimi, mwalimu wa dini kanisani, mbele ya kompyuta katika chumba chetu kimoja mjini Kasese, akaniambia kwa sauti aliyotoka nayo jeshini, "Katekista, picha haina lebo ni kama mzigo haina jina. Itapotea. Andika!"

"Ndiyo, Afande."

Ninyi vijana mmekua na mitandao mifukoni. Wakati ule tovuti yetu ilikuwa kitu kigeni. Watu wa milimani walileta picha zao, sisi tukazipandisha, na chini ya kila moja tukaweka lebo, yaani neno la kuitambulisha. Ukibonyeza lebo, huja picha zote zenye neno hilo. Tena lebo hazikuwa zetu peke yetu. Msomaji yeyote, popote alipo, aliweza kuongeza au kufuta.

Nilianza kwa kosa la Mkonzo: niliweka majina matupu. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na kila mwana wa nne ni Kule. Nilipobonyeza "Kule", wana wa nne wa wilaya nzima wakajaa kwenye kioo. Mkuu alicheka hadi akaketi. "Umeita gwaride, Katekista!"

Kisha mto Nyamwamba ukafurika Kilembe. Mama Biira, mjane wa kwaya yetu, alileta picha ya mwanawe Kule, aliyechukuliwa na maji na mwili wake usionekane. Niliandika: Kule, Kilembe, anatafutwa. Majuma yakapita. Wazee wa ukoo wakataka kuzika mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi, ili msiba upate kwisha. Mama akakataa. Alisema kumzika aliye hai ni kumfungia njia ya nyumbani.

"Weka 'marehemu'," Mkuu aliniamuru. "Huyu mama iko nakwisha."

Niliweka, huku nikiomba. Asubuhi yake neno lile lilikuwa limefutwa, na mahali pake pameandikwa "Mpondwe", jina la mpaka wetu na Kongo. Nikalirudisha langu. Kesho yake tena, Mpondwe. Mkuu alibadilisha nywila na kuwazuia watu wa nje, asiweze mtu kuandika ila mimi na yeye. Likarudi vilevile. Alinitazama, nikamtazama. Safari hii hakucheka.

Mama Biira alipoliona neno hilo alivaa gomesi yake ya kanisani. Tulipanda gari hadi Bwera, tukaendelea mpaka mpakani Mpondwe. Katikati ya malori aliita, "Kule!" Wapagazi kadhaa wakageuka kwa pamoja.

"Mama, unaita Kule gani?" mmoja akatania. "Hapa tuko Kule mingi, chagua tu!"

Akawaonyesha picha. Kicheko kikakatika.

"Huyu mutu alikuya juzi," alisema mpagazi mmoja mwenye mvi. "Alikuwa amelowana mayi, na jua iko kali. Alisema anangoya mama yake amupe ruhusa ya kuvuka."

"Alisimama wapi?" mama akauliza.

"Pale pale penye unasimama."

Tulitazama chini. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, lakini udongo chini ya miguu yake ulikuwa umelowa.

Hakulia. Alisali palepale, kisha akasema taratibu, "Katekista, turudi. Nimemchelewesha mtoto."

Jumamosi ile tulizika mgomba, nami nikaandika "marehemu". Halikufutwa tena.

Sasa nimestaafu. Nalima kahawa huku Maliba, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa kazi aliyonipa na kwa yale ambayo hakunieleza. Tovuti yetu ilizimwa zamani. Siku hizi simu yenyewe huzipa picha lebo, bila katekista wala afande. Juzi binti yangu Masika alinipiga picha nikiwa katikati ya mibuni. Simu ikaandika chini yake: Mpondwe.

"Imekosea, Baba. Ngoja nifute."

"Iache, mwanangu," nikamwambia. "Ila siku hiyo ikifika, usinicheleweshe."