Kifaa Nilichokwenda Nacho Fungateni

Daktari aliviweka vifaa viwili mezani, kimoja kushoto, kimoja kulia, kisha akaegemea kiti kama muuza viatu anayesubiri mteja ajaribu. Cha kushoto kilikuwa bomba la plastiki lenye pampu ndogo ya mkono. Cha kulia kilikuwa na pete, fimbo mbili nyembamba za chuma na mkanda laini wa kushikia. Kazi ya vyote viwili ilikuwa moja: kuunyoosha uume wangu uliopinda.

Nimeliandika neno hilo mapema ili tusisumbuane. Nilipokuwa nikitafuta mtu wa kwetu aliyeandika juu ya jambo hili, nilikuta "sehemu zile", "mambo ya kiume", "nguvu za ndani", na mwishoni tangazo la mizizi. Mimi nilitaka kujua kovu ni nini na litanifanya nini. Kwa hiyo naandika uume, naandika kovu, na asiyetaka kusoma afunge.

Mimi ni fundi wa baiskeli, Ukunda, kwenye njia ya kwenda Diani. Ufundi sikuusomea. Nilijifunza kwa kuifungua baiskeli ya marehemu baba mpaka ikabaki vipande sakafuni, mama akalia, nikairudisha. Kazi ninayojulikana nayo ni kusawazisha rimu. Naigeuza baiskeli matairi juu, nazungusha gurudumu, nashika chaki karibu na rimu mpaka pale palipotokeza pajipake peupe penyewe. Hapo nalegeza spoki za upande mmoja na kukaza za upande wa pili, kidogo, kidogo tena. Mafundi wengine huacha gurudumu likishapita kwenye breki bila kugusa. Mimi siachi. Mteja husimama juani akiniambia imetosha, nami namwambia haijatosha. Gurudumu linaloyumba hata kwa unene wa ukucha hunikera mchana kutwa. Sisemi haya kwa kujisifu. Huo ndio ugonjwa wangu wa kwanza, na ndio uliouzidisha wa pili.

Wa pili ulianza kwa kuteleza. Nilikuwa najaribu baiskeli ya mtalii, mnyororo ukaruka, mguu ukakosa kanyagio, nikaangukia bomba la juu la fremu, miguu huku na huku. Hakuna fundi ambaye hajawahi kuliangukia bomba. Nilijikunja palepale, waendesha bodaboda wakanipigia makofi, yakaisha. Baada ya miezi kadhaa nikawa naamka asubuhi na maumivu. Kisha nikapapasa kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya mahindi makavu. Kisha uume ukaanza kugeukia juu na kushoto kila unaposimama, na kila wiki nikiona umezidi. Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda ni ile ajali na huenda siyo, kwa sababu wengine hupata kovu hili bila kukumbuka jeraha lolote. Jibu hilo liliniudhi. Mimi nimezoea kwamba kila kilichopinda kina mahali kilipogongwa.

Na haya yalinikuta posa yangu imekwisha kupokelewa Msambweni. Kwetu bwana harusi hukaa fungate nyumbani kwao bibi harusi, na chumba hicho si chenu peke yenu. Kuna somo, bibi aliyemfunda mwali, anayeingia asubuhi na chai, anatandika, anaangalia, anauliza. Hofu yangu ilikuwa moja tu: kwamba mwanamke ninayempenda ataniona, atanikataa, na nyumba nzima itajua sababu kabla sufuria za harusi hazijaoshwa.

Ndipo nilipofanya kosa ambalo mwalimu, karani au mvuvi asingelifanya. Niliona kwenye simu picha ya kile kifaa cha kuvuta: fimbo mbili, skrubu, pete. Nikacheka. Hiki? Hiki nakiunda mwenyewe. Ncha ya spoki ina mikato midogo kuliko ya skrubu yoyote, nati yake unaizungusha kwa kiasi unachotaka. Nikachukua spoki mbili, nikakata mpira wa tyubu, nikaunda. Kilikuwa kizuri, nakiri. Pembe zake zote nilizisugua kwa msasa.

Nikakivaa, nikakaza. Kesho yake nikakaza tena, maana niliamini nimeona kimesogea. Nililiona kovu kama spoki iliyokazwa kupita kiasi, na dawa ya spoki hiyo naijua: vuta upande wa pili kwa nguvu kuishinda. Mpaka ngozi ikachubuka, ncha ikafa ganzi, ikageuka rangi ya zambarau mbivu. Nikakivua, nikatafuta daktari wa mambo hayo.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mwenye upole wa mtu aliyekwisha kuona kila kitu.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mimi."

"Na kwa nini hukuacha ilipouma?"

"Ilikuwa inasogea."

Akazitazama spoki nilizomletea, akavua miwani. "Bosi, hii si baiskeli. Chuma hakivimbi."

Alinipa muda nipone, akaniita tena, na ndipo siku ile akaviweka vile viwili mezani. Nikamuuliza kipi bora. Akasema hajui.

"Wewe si daktari?"

"Ndiyo maana nakwambia sijui. Anayejua sana ana kitu cha kukuuzia."

Akanieleza. Pampu huvuta hewa, damu hujaa, kovu hunyooshwa kwa ndani. Unaitumia kwa muda mfupi, lakini ukipampu kupita kiasi unapasua mishipa midogo na kujipa uvimbe mpya. Fimbo huvuta polepole, nazo zinataka muda mrefu, kila siku, kwa miezi, na haziruhusu kuchuchumaa wala kulala nazo. Waliovumilia, wengine hunyooka kiasi, wengine hupata tu kwamba hawazidi kupinda, wengine hawaoni kitu. Kuna sindano, ila kwetu huku kuipata ni shida. Upasuaji upo, lakini haufanywi kabla kovu halijatulia, na huweza kufupisha.

"Na kuna kuacha," akamalizia.

"Kuacha nini?"

"Kuacha tu. Maumivu yakiisha, na kama kupinda hakukuzuii, watu wengi huishi hivyo. Wanazaa, wanazeeka."

Katika kupima kwangu kote, nikilinganisha fimbo na pampu usiku na mchana, sikuwa nimewahi kuweka upande mmoja wa mizani mwili wangu ulivyo. Nilichukua fimbo. Sikuzichukua kwa sababu ni hakika, wala kwa sababu sistahili bila hizo. Nilizichukua kwa sababu kovu bado lilikuwa linatembea na nilitaka kulizibia njia. Daktari akafunga skrubu kwa mkono wake mwenyewe, akanitazama. "Hapa. Usiongeze mpaka nikuone."

Mjomba alikuja karakana siku chache baadaye. Ndiye ndugu wa mama, ndiye aliyesimamia posa, na ndiye aliyepangiwa kunifunda. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kirefu nikiwa na kikoi, jambo ambalo si kawaida yangu kazini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Sasa, siku zinakaribia. Mashine iko salama?"

"Inafanya kazi. Ila imepinda."

Alicheka mpaka akakohoa. "Imepinda inaelekea wapi, Mombasa au Lunga Lunga?"

"Mombasa. Na hapa nilipo nimevaa kifaa cha kuinyoosha."

Akasogeza kigoda chake nyuma. Kicheko kilikatika. Akaanza kunong'ona: nimechezewa, yuko mzee Shimoni anayejua dawa, nisikanyage maji ya uchawi yaliyomwagwa njiani. Nikamwambia nimeangukia bomba la baiskeli, na bomba halina jini.

"Basi usimwambie mtoto wa watu," akasema. "Taa ikizimwa, nani atapima?"

"Mimi nitapima."

"Wewe! Wewe utapima hata jeneza lako. Nakwambia funga mdomo, uoe."

"Mjomba, yule mbuzi wa jicho moja ulimrudisha kwa nini?"

"Si nilifichwa! Nilimnunua gizani, asubuhi nikaona." Akashtuka. "Ala! Unajilinganisha na mbuzi?"

"Mbuzi hakuwa na mdomo wa kusema. Mimi ninao."

Aliondoka bila kuaga vizuri. Nami nikarudi kwenye rimu niliyokuwa nasawazisha.

Ijumaa baada ya sala nikaenda Msambweni. Mchumba wangu hufundisha watoto wa chekechea. Hana subira na mtu mzima anayejiuma maneno. Tulikaa barazani, na shangazi yake akakaa mlangoni kuchagua mchele, karibu kiasi cha kusikia lakini mbali kiasi cha kukana kwamba alisikia.

"Sema basi," akaniambia. "Unamung'unya nini kama una jojo mdomoni?"

Nikasema. Nilitumia maneno yaleyale niliyotumia hapa. Alisikiliza akiutazama mkeka.

"Unaumwa?"

"Niliumwa. Sasa maumivu yametulia."

"Na mimi nitaumia?"

"Daktari anasema kwa kiasi nilichopinda haielekei. Lakini ukiumia utaniambia, na tutaacha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikamweleza kuhusu kifaa, na kwa kuwa nilishaamua kutoficha kitu, nikamweleza pia kile nilichokiunda. Akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Kwa spoki?"

"Kwa spoki."

"Za baiskeli?" Mabega yakamtikisika. Mlangoni, mchele wa shangazi ukamwagika kidogo.

"Cheka tu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kavu.

"Sikucheki wewe. Nazicheka spoki." Akajifuta macho. "Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Na mjomba."

Hapo uso ukabadilika. "Mjomba wako alijua kabla yangu?"

Akainuka, akaingia ndani. Nilingoja mpaka shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Nenda, baba. Akitaka kukujibu atakujibu."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko maumivu. Nilivaa kifaa, nikakaa kwenye kiti kirefu, nikaitazama ile skrubu chini ya kikoi. Kidole changu kilijua kabisa kingeigeuza kiasi gani. Nilijiambia kwamba nikinyooka upesi, atarudi. Kisha nikajisikia nikijiambia hivyo, nikakasirika. Kama mwanamke huyu angeondoka, aondoke kwa sababu nilimweka nyuma ya mjomba. Hiyo ni haki yake, na kosa hilo nilibebe. Lakini sikuwa tayari tena kujivuta mpaka kufa ganzi ili nifanane na mchoro wa kwenye simu. Skrubu sikuigusa.

Akaja mwenyewe karakana, mchana wa jua kali, akiwa na buibui lenye vumbi la barabarani. Hakuketi.

"Kifaa kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya kitambaa safi, kwenye droo. Akakigeuzageuza mkononi kama anayekagua daftari la mtoto mtundu. Akatoa kwenye mkoba kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akapiga mstari mmoja juu ya skrubu mpaka kwenye fimbo. Ni alama ninayoiweka mimi kwenye nati za wateja. Ameniona nikiiweka mara nyingi.

"Ukikaza, mstari utakatika. Nami nitajua."

"Kwa hiyo harusi..."

"Harusi iko palepale. Mimi naolewa na mtu, siolewi na rula." Akafunga kichupa. "Lakini jambo lolote lingine, mimi kwanza, mjomba baadaye. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na utoe huo uso wa msiba, wateja watakimbia."

Tulioana. Siku ya kufunga sanduku langu la fungate, mjomba alikitoa kifaa akakificha chini ya mto. Nikakirudisha. Akakitoa tena, akasema nitaitia familia aibu kwa watu. Nikakirudisha tena, safari hii juu ya kanzu, nikafunga sanduku, ufunguo nikautia mfukoni. "Aibu gani, mjomba? Bibi harusi angekuwa na meno ya kuvaa waya, angekwenda nao."

Msambweni nilikiweka juu ya meza ya kioo, kando ya udi na chupa ya marashi. Asubuhi ya pili somo aliingia na chai na mahamri, kibibi mwembamba mwenye leso mbili na macho yasiyokosa kitu. Mke wangu alikuwa uani anaoga. Somo akaweka sinia, akakichukua kile kifaa kwa vidole viwili, akakisogeza dirishani penye mwanga.

Nikavuta pumzi. "Ni dawa yangu, bibi. Nina kovu, uume umepinda. Hicho kinausaidia, au labda hakisaidii. Nakivaa hata hivyo."

Hakunitazama. Aliisogeza ile skrubu karibu na macho mpaka pua ikaigusa. Kisha akapaza sauti kuelekea uani, mbele ya mashangazi, wapishi na majirani waliokuja kusaidia:

"We mwali! Mstari wako haujakatika! Hajakigusa!"

"Alhamdulillahi!" mke wangu akajibu kutoka bafuni. Uani kukalipuka kicheko, mtu akapiga kigelegele.

Kumbe mke wangu alikwisha kumweleza somo kila kitu. Masikio yaliniwaka moto. Ningeweza kubaki ndani mpaka fungate iishe, na mjomba angenisifu kwa hilo. Nikajifunga kikoi vizuri, nikachukua kikombe changu, nikatoka uani, nikawaamkia wote mmoja mmoja.