Raba Niliyolazimisha Iwekwe Kwenye Usukani

Nilimwambia fundi aweke raba. Alikuwa amekataa, na ningemwacha akatae, leo nisingekuwa nikiandika haya. Kosa ni langu, na nimelificha muda mrefu mno.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, naishi mtaa wa Satellite, Nairobi. Gari langu ni kuukuu, nililinunua nikiwa karani mjini. Mwaka jana usukani ulilegea. Nikiuzungusha kidogo, magurudumu hayakugeuka. Nikishika mwendo kwenye barabara kuu ya Waiyaki Way, ulitetemeka hadi viwiko vikaniuma.

Mke wangu, nimwite Mama Njoroge, alikuwa akinicheka. "Baba Njoroge, hili gari lako lina homa. Lipeleke likadungwe sindano."

Fundi wangu, nimwite Otieno, aliliinua kwa jeki, akashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Mzee, tairodi imeisha," akaniambia. Hicho ndicho kiungo kinachofikisha amri ya usukani kwenye gurudumu. "Hii si ya kukaza. Ni ya kutoa, tuweke ingine."

Ilikuwa Alhamisi. Nikashuka mjini, nikazunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, duka kwa duka, ile tairodi mbovu mkononi.

"Guka, gari ya hii kitu bado inatembea?" muuzaji mmoja aliniuliza, akiniita babu kwa Kikuyu, wenzake wakaangua kicheko. Mwishowe nikampata aliyeahidi kunitafutia. Jumatatu.

Jumatatu! Na Jumamosi tulikuwa tunakwenda Limuru kwa wakwe, kupeleka ruracio, mahari ya kijana wetu.

Njoroge mwenyewe, anayefanya kazi ofisini Westlands, alinipigia simu. "Baba, acha hiyo gari. Nitawaitia teksi, mkae nyuma kama mabosi."

"Niende kukuombea mke nikiwa nimebebwa kama gunia la viazi?" nilifoka.

Hapo ndipo palipokuwa na ujinga wangu. Nilipopeleka mahari ya mama yake, ukoo wetu ulifika juu ya lori la kuazima, lililotoka kubeba viazi asubuhi hiyohiyo. Mashemeji walicheka, na hadi leo hakuna sherehe ambayo mmoja wao haniulizi viazi viko wapi. Niliapa kuwa siku ya mwanangu nitaingia lango la wakwe nikiendesha gari langu mwenyewe.

Ijumaa nikarudi kwa Otieno. Nilikuwa nimewahi kuona mafundi wakikata kipande cha raba ya tairi kuukuu na kukibana ndani ya kiungo kilicholika, ili kisicheze.

"Rudisha ile ya zamani, uweke raba," nikamwambia.

"Hapana, mzee. Raba ni ya kufikisha gari nyumbani tu. Barabara kubwa itaitema."

"Weka, nimesema. Gari ni la nani?"

"Ni lako. Lakini mama atakuwa ndani?"

"Mambo ya mama niachie mimi."

Akaweka. Alipomaliza alifuta mikono polepole. "Hapa mpaka Kawangware, hapo jirani, sawa. Zaidi ya hapo usijaribu, baba yangu. Nakuomba."

Nikalijaribu gari mtaani. Usukani ulikuwa umetulia tuli! Nikajiambia vijana wa siku hizi wanapenda kutisha watu.

Jumamosi asubuhi Mama Njoroge alisimama kando ya gari akiwa na nguo yake mpya, mkono kwenye mlango.

"Usukani umetengenezwa?"

"Umetengenezwa."

Akaingia. Hakuuliza tena. Katika miaka arobaini na minne ya ndoa hakuwahi kuniuliza jambo moja mara mbili.

Tulipita Uthiru vizuri, tukiimba. Mbele ya Kinoo mtetemeko ulirudi, kwanza vidoleni, halafu mabegani. Nilipotaka kupunguza mwendo usukani ukawa mwepesi ghafla. Nikauzungusha, ukazunguka bure. Gari likaacha barabara na kuangukia mtaroni, upande wake yeye.

Mimi nilitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Mkwaruzo tu! Yeye uti wa mgongo ulivunjika.

Hospitalini Mama Njoroge alimwambia hivi kila aliyekuja kumwona: "Mzee alikuwa ametengeneza. Ni fundi aliyemdanganya." Nami niko hapo, nimeshika chupa ya uji, sisemi neno.

Njoroge akaenda gereji na hasira zake. Alimpigia Otieno kelele mbele ya wateja, mwenye gereji akamfukuza fundi kazi siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya teksi iliyotuleta. Otieno alinitazama kupitia kioo, akisubiri niseme. Nikainamia simu yangu. Ee Mungu wangu!

Kwa miezi minane nilimwogesha mke wangu, nikamgeuza, nikamlisha. Kila jioni aliniambia asante. Hiyo asante ilikuwa ikinichoma kuliko tusi lolote.

Mwezi uliopita nilishindwa. Nilikuwa nikimchana nywele asubuhi, nikamweleza yote. Kisha akauliza:

"Otieno alikuuliza kama nitakuwa ndani?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia nilichojibu. Akaniondoa mkono kichwani mwake.

"Niitie Wambui."

Wambui ni binti yetu, ameolewa Loresho. Kabla ya saa sita alikuwa ameshafika na kumchukua mama yake. Njoroge sasa anajua, na hapokei simu yangu. Nimekwenda gereji mara tatu kumtafuta Otieno nimwombe msamaha, wanasema alirudi kwao. Hakuna aliye na namba yake, au wapo na hawataki kunipa.

Wazee wenzangu, nawasihi. Usukani ukitetemeka, egesha gari. Fundi akikwambia hapana, mshukuru uende nyumbani. Ukienda kwa wakwe na teksi watakucheka siku moja, basi. Na mkeo akikuuliza kama gari limetengenezwa, mwambie ukweli hapohapo, kabla hajafungua mlango.

Tairodi ililetwa Jumatatu ile, kama nilivyoahidiwa. Mke wangu hatembei tena, na haishi nami tena.