Jina la Mama la Ndani

Jina lenyewe sitaliandika. Anayetaka kulijua aende Unyoro, atalisikia mpaka achoke, maana kule wanalo watu wengi. Mimi nilidhani ni la mama yangu peke yake.

Kwetu Samuye mama aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, yaani mimi, na wambeya wa kisimani walimwita Mnyoro, utadhani wanataja ugonjwa. Baba alimpata Uganda kabla ya vita vya pili vya dunia, alipokuwa kibarua kwenye kinu cha pamba, akaja naye hajui hata neno moja la Kisukuma. Lakini Jumamosi, baba akirudi kutoka mgodini Mwadui, alimwita ndani ya nyumba kwa jina hilo, kwa sauti ya chini, na mama akaitika kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuitikiwa nayo. Nilikuwa naona wivu, kwa nini nifiche?

Kila mwaka mama aliomba apelekwe kwao. Baba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa bingwa wa kesho. Tukivuna. Tukavuna. Tukiuza pamba. Tukauza. Mvua zilizofuata homa ikamchukua mama, tukamzika nyuma ya zizi. Baba hakulia. Alisimama tu, kofia mkononi, na siku ile nilimchukia. Baadaye akasema habari ya kufiwa na mtoto haitumwi kwa mdomo wa mtu baki, tutaipeleka wenyewe. Sasa ndiyo safari ikapatikana, jamani. Sasa!

Tukapanda treni mpaka Mwanza, kisha meli, kisha malori yaliyotujaza vumbi hadi kwenye meno. Nilikuwa nimeshavunja ungo, nakumbuka kila kitu. Kwa kuulizia sokoni tukampata mdogo wake mama, mjomba wangu, aliyewahi kuwa askari na kujua Kiswahili cha jeshini. Aliponitazama usoni alicheka kwa furaha, akauliza dada yake yuko wapi. Baba akasema amebaki nyumbani. Wala hakudanganya. Na kwao habari hazimwagwi njiani: mgeni huketi kwanza, akatafuna kahawa, akala, ndipo aseme kilichomleta. Mjomba hakuuliza tena, akatuongoza kijijini.

Balaa lilianzia uani. Kwa Wanyoro kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ana jina la salamu analopewa utotoni, wao huliita empaako. Majina hayo ni machache, yanazunguka kijiji kizima, wanaume kwa wanawake. Kumsalimia mtu bila kumtaja kwa jina hilo ni kama kumfukuza. Mjomba akamwuliza baba lake ni lipi. Baba, Msukuma wa watu, atalitoa wapi? Akaona haya kusimama ukweni bila kitu, akataja lile moja tu alilolijua.

Mjomba akapiga kofi kwa kicheko, kumbe mume na mke jina moja, akalitangaza.

Basi wakaja. Wazee, vijana, wanawake waliopiga magoti juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, kila mmoja akampa baba mkono na jina la mama, na baba akawa anaitika. Huko nje shangazi mmoja akamwita mwenzake kwa jina lilelile. Binti aliyeleta maji naye akaitwa hivyohivyo. Kila mara niligeuka, mjinga mimi, nikitazama mlangoni. Tukaletewa buni kwenye kikapu kidogo, tukatafuna. Tukaletewa ugali wa ulezi na maziwa. Nilikula nikitamani wote wanyamaze.

Bibi alikuwa ndani, nyuma ya kiambaza cha matete, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawatazamani, kwao kama kwetu. Mimi niliketi penye upenyo, nawaona wote wawili. Tulipomaliza kula, bibi akakohoa, akaanza kumsalimia baba. Ile sauti ilikuwa ya mama. Ileile kabisa, pamoja na mkwaruzo wake wa mwishoni. Akauliza hali, akataja jina. Akauliza ya nyumbani, akataja jina. Akauliza ya ng'ombe, akataja jina. Baba aliitika la kwanza. La pili akaitika nusu. La tatu akainama mpaka paji la uso likagusa nyasi, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya wakwe zake.

"Si langu," akasema kwa Kiswahili. "Ni la kwake. Nimemzika."

Mjomba hakutafsiri, wala haikuhitajika. Wanawake wa nje walikuwa wameshaanza kuomboleza. Bibi hakulia. Alinishika mkono kupitia upenyo akauminya, akauliza jambo kupitia kiambaza, na mjomba akalitafsiri taratibu, ule uaskari umemwisha sautini.

"Mama anauliza, huko kwenu alikuwapo mtu wa kumwita jina lake?"

Baba akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwapo mimi. Mimi peke yangu."

Nilitamani adanganye, aseme Samuye nzima ilimwita. Mjomba alipomtafsiria, bibi alirudia maneno yale polepole kwa Kinyoro, kisha akalia.

Tulikaa mpaka matanga yakaisha. Baba alitaka kulirudisha jina, bibi akakataa, akasema watu wameshamsalimia nalo, abaki nalo. Mimi alinichunguza uso na vidole kama mtoto mchanga, akaninong'oneza la kwangu sikioni.

Tuliporudi Samuye, jioni ya kwanza nilimwekea baba chakula, nikamwita kwa lile jina. Mkono wake ukabaki juu ya bakuli. Kisha akaitika, naye akaniita kwa langu. Tukaendelea hivyo, ndani ya nyumba tu, kwa sauti ya chini, hata nilipoolewa nikawa nakwenda kumwamkia.

Baba amekufa siku nyingi. Mume wangu nilijaribu kumfundisha jina langu, akacheka, akasema linafaa ng'ombe, na sikumfundisha mtu tena. Uani kwangu wajukuu wamejaa, naitwa bibi kutwa nzima mpaka masikio yanauma. Wa kuniita jina langu alikuwapo baba, peke yake.