Tenisi ya Jumapili, Mimi na Kaka

Miaka mitano tuliisubiri gemu mpya ya tenisi. Nasema tuliisubiri kwa sababu hata kaka yangu, mtu asiyengoja chai ipoe, aliisubiri.

Mimi na yeye tulikosana siku ilipouzwa nyumba ya baba pale Msimbazi. Mimi nilisaini, yeye hakutaka. Kilichobaki kati yetu kikawa tenisi ya kwenye runinga. Kila Jumapili baada ya adhuhuri alikuja kwangu Gerezani, namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, tunashika pedi za kuchezea. Hatukuulizana habari za watoto wala za afya. Ila nikipiga mpira nje, alicheka: "Unacheza au unafukuza nzi, mdogo wangu?" Kejeli hiyo moja ilinitosha wiki nzima.

Kwenye kundi letu la simu la wapenzi wa gemu za tenisi tulipeana ahadi kuliko wagombea udiwani. Wachezaji wote wakubwa watakuwemo, viwanja vyote, hadi vumbi litatimka. Watengenezaji wakarusha vionjo vya video, nikamwonyesha kaka. Alivitazama mara mbili, akasema, "Hii tutacheza sana." Nililishika neno hilo kama mtoto aliyeahidiwa nguo za sikukuu.

Gemu haikukubali mashine yangu ya zamani ya kuchezea. Dawa yake Kariakoo inajulikana: unapeleka ya zamani, unaongeza hela juu, unaondoka na mpya. Nikaitoa mashine, CD na pedi zake zote, bila kuuliza walioicheza hiyo mpya wanasemaje. Nikanunua na pedi ya pili. Jumapili nikapika pilau.

Wachezaji walikuwa walewale, watazamaji jukwaani wamekaa kama maboksi, na viatu vizuri lazima uvinunue kwa hela halisi. Hayo ningeyameza. Lakini nilipotafuta pa kucheza watu wawili kwenye runinga moja, hapakuwepo. Ukimtaka mwenzako, mkutane mtandaoni, kila mtu na mashine yake, nyumbani kwake. Kaka hana mashine.

Alikaa na ile pedi mkononi akinitazama nikicheza na kompyuta. Nikaukosa makusudi mpira wa wazi kabisa, nikamgeukia. Hakucheka. Akaiweka pedi juu ya stuli, akasema kuna mtu anamngoja sokoni. Pilau hakuigusa.

Kesho yake asubuhi nilikimbilia dukani kuidai mashine yangu ya zamani. Ilishauzwa, imeenda mkoani. Jumapili iliyofuata kaka hakuja, wala ile nyingine. Kundini wenzangu wakawa wanalia na bei ya viatu. Nilitamani kuwatukana, nikajitoa.

Miezi ikapita, watengenezaji wakaleta marekebisho: watu wawili, runinga moja. Waliyaleta kirahisi, kama mpishi aliyesahau chumvi. Nikampigia kaka, akapokea wifi yangu. Nikamweleza kwa uchangamfu wa kujilazimisha kwamba sasa tunaweza kucheza wote, Jumapili aje. Nikamsikia akimweleza, kisha nikaisikia sauti ya kaka, haina hata hasira:

"Mwambie hongera."

Wifi akalirudia neno hilo polepole, akidhani sikulisikia. Nikamwambia nimesikia.