Koko Alipokosa Kusikia Sauti Yake

Mwanangu, kuna alasiri moja hainitoki akilini. Mvua ilikuwa imepita mtaani kwetu Kabondo, hapa Kisangani, barabara zinafuka mvuke, nasi nyumbani tumekaa kama watu wanaosinzia macho wazi. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alikuwa mbele ya kompyuta ya kaka yangu Salumu. Kesho yake angepanda treni kurudi Ubundu, na umri ulikuwa umeshamchosha. Alitaka jambo moja tu kabla ya safari: asikie hadithi aliyowarekodia vitukuu wake, ambayo tulikuwa tukiitengenezea programu ya picha na sauti.

Salumu ndiye aliyeiandika programu hiyo. Mimi nilichora picha. Akabofya, picha zikaanza kupita polepole, mto, mitumbwi, ukungu wa msitu wa Masako. Sauti, kimya.

"Donc, kumbe sauti yangu inatangulia kufa mbele yangu?" Koko akauliza.

Salumu akahangaika. Umeme wetu unaujua mwenyewe: kwa kuogopa utakatika ghafla, alikuwa akitupia nakala kila mahali, nyingine kwenye flashi, nyingine kwenye kompyuta, nyingine hata hakumbuki wapi. Akarekebisha nakala moja, kumbe programu inasoma nyingine.

Tonton Asani, mdogo wake baba, aliyemfundisha Salumu kazi hiyo na aliyekuwa amekaa nasi, akamshika bega.

"Petit, unaogopa courant, huu umeme, mpaka unatawanya kazi yako yote. Tengeneza dossier moja, folda moja tu. Tia mule code ya programu, picha, na sauti. Kisha fungua dossier nzima mu éditeur, mule unaandikia code, ikuwe projet moja, mradi moja. Hapana kufungua fichier, faili, moja-moja."

Salumu akatii huku amenuna. Mafaili yakajipanga kushoto mwa skrini, yote yanaonekana, na hapo hapo tukaona kilichopungua: rekodi ya Koko haikuwemo. Ilikuwa imebaki kwenye flashi. Akaileta, akabofya tena.

Sauti ikatoka, ya chini, na kikohozi chake ndani. Koko akasikiliza mpaka mwisho, midomo ikiifuatisha.

"Bon," akasema. "Sasa ninaweza kunyamaza; sauti itabaki na watoto."

Basi, mwanangu, kila kazi ifungulie mradi wake siku ile ile unapoianza. Vinavyotegemeana vikae pamoja, vifunguliwe pamoja, na nakala ya akiba iwe ya mradi mzima, mahali unapopajua. Usiyaahirishe haya, maana wengine wanaotungoja hawana kesho nyingi. Mungu akutulize mikono, na akujalie kumaliza kazi ya umpendaye angali anasikia.