Niliona aibu kutaja ugali wa uwele, kipimo cha damu cha binti yangu kikatoka cha uongo

Wakuu, salamu kwenu. Haya ni kweli tupu, na natamani yasingekuwa kweli.

Nina duka la hardware hapa Singida mjini. Binti yangu Nuru ana miaka 12. Kwa muda mrefu tumbo linamjaa, anaharisha, anakonda. Tukatibu minyoo, tukatibu typhoid, tukarudi kwenye minyoo.

Mwaka jana mke wangu alijifungua, Nuru akaenda kukaa kwa mama yangu, kijijini Issuna. Akasoma huko muhula mzima. Kule ni uji wa uwele, ugali wa uwele, mlenda.

Aisee, alirudi mashavu yamejaa!

Siku ya pili akala chapati, tumbo likaanza upya. Akagoma kugusa ngano. Nikampeleka hospitali peke yangu, mama yake ana kichanga.

Daktari akahisi ni celiac, yaani mwili unakataa gluten, ile protini ya ngano. Akataka kipimo cha damu, ila akauliza kwanza:

"Miezi hii amekuwa anakula ngano? Kama aliacha, damu inaweza isionyeshe kitu."

Nikajibu, "Kila siku, daktari. Kwangu mkate haukosekani."

Nuru akaniangalia tu. Mtoto wa kwetu hamsahihishi baba yake mbele ya watu.

Mtaniuliza kwa nini nilidanganya. Wakuu, ni ushamba tu. Niliona nikisema mwanangu kashinda muhula mzima kwenye uwele, nitaonekana nimeshindwa kumlisha. Mimi niliyekuzwa na uwele huohuo!

Damu ikatumwa Dar. Majibu: negative.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. "Umeona? Damu imesema huna kitu. Unadeka."

Kila asubuhi nikawa nakaa naye mezani mpaka amalize chapati. Analia, "Baba, tumbo linaniuma." Namwambia kula. Na nilikuwa nakumbuka swali la daktari, msidhani nilisahau. Nilijifanya halikuwa na maana.

Wiki ya sita akaanguka mstarini shuleni.

Safari hii mama yake alikuja, Nuru alishamwambia kila kitu. Tukarudi kwa daktari yuleyule. Mke wangu hakunitazama hata kidogo.

"Daktari, mara ile mtoto alikuwa ametoka kijijini. Hakuwa anakula ngano kabisa."

Daktari akanigeukia. "Mzee, si nilikuuliza?"

Sijawahi kujiona mdogo vile.

Damu ikachukuliwa tena, na sasa chapati nilizomlazimisha zilikuwemo mwilini. Ikatoka positive, tena juu sana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, mtoto ndiye akalipa. Ukiulizwa hospitali mgonjwa anakula nini, sema hichohicho anachokula, hata kama ni makande ya juzi. Na kama mtu wako anakwenda kupimwa celiac, asiache ngano kabla daktari hajasema.

Nuru sasa amenenepa, ngano haingii tena kwangu. Nilimwomba msamaha, na kwetu baba kumwomba mtoto msamaha si jambo dogo. Akasema, "Haya, baba."

Juzijuzi aliumwa jino siku tatu. Mama yake alijua tangu siku ya kwanza. Mimi niliambiwa limeshang'olewa.

Nisemeni mtakavyo, nastahili. Ila mwenye binti anisaidie: mtoto akishaacha kukwambia anapoumwa, unaanzia wapi?